Kifuko cha Nyongo

Zuena alikuwa akijikuna kwa gunzi la mahindi. Kucha alizikata mwenyewe baada ya kuamka na damu kwenye shuka, na tangu hapo gunzi ndilo lililopita mgongoni, shingoni, na mapajani juu ya kitenge, asubuhi hadi jioni. Radjabu, mumewe, aliusikia mkwaruzo wake hata pale gunzi lilipokuwa limewekwa chini. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la korido ya upasuaji, hospitalini Gitega. Watu walikuwa wengi na wengine walisimama, lakini kando ya Zuena palibaki nafasi. Macho yake yalikuwa ya manjano, viganja vya manjano, na hakuna aliyetaka kuketi karibu na rangi ile.

"Hapa chini, Baba Salama. Sifikii."

Radjabu alichukua gunzi akakuna. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, Muyinga, mtu wa mikono myepesi aliyezoea kupitisha hariri chini ya sindano bila kuivuta. Sasa alikuwa anajifunza kukwaruza ngozi ya mke wake bila kuitoa damu.

"We unanipapasa. Kaza. Mi sitavunjika."

Bado alikuwa anatania. Hilo ndilo lililomuumiza Radjabu zaidi. Mwanamke amebadilika rangi, mwili umekwisha, haja yake imekuwa nyeupe kama chokaa, chakula kinamtia kichefuchefu kabla hakijafika mdomoni, na bado ana nguvu ya kumtania mumewe mbele za watu.

Mlango ulifunguliwa na Dokta Jean-Baptiste akatoka, wanafunzi wa udaktari wakimfuata na madaftari yao. Yeye ndiye aliyekuwa mpasuaji pale. Mwenzake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta maisha nje ya nchi, kama walivyoondoka wengi, na tangu hapo Jean-Baptiste alipasua peke yake, mchana na usiku, hata uso ukawa wa mtu anayeulizwa maswali akiwa usingizini. Alimwinua Zuena kidevu, akavuta kope la chini, akaminya tumbo chini ya mbavu za kulia. Zuena aliuma kona ya mtandio wake. Daktari akasema maneno marefu ya Kifaransa na wanafunzi wakaandika. Ndipo akamgeukia Radjabu.

"Muzee, huyu ni mi nilimfanyia operesheni mbele ya Ramadhani, si ndiyo?"

"Ndiyo, docteur. Ulimtoa mawe."

"Mawe na kifuko chenyewe cha nyongo. Na kile kifuko kilikuwa kigumu. Nilikishika na hii mikono yangu, sikukipenda. Bon. Majibu ya Bujumbura iko wapi?"

Radjabu alimtazama mke wake, halafu akamtazama daktari.

"Majibu gani, docteur?"

"Ya anapath! Ya maabara! Ile nyama mlipewa ndani ya bokali. Mliipeleka Bujumbura wakaiangalia, ama hamkuipeleka?"

Watu wa benchini waligeuka. Hata mama mmoja aliyekuwa akimbembeleza mtoto aligeuka.

"Tuliizika," Radjabu alisema.

*

Siku ile ya upasuaji, kabla Zuena hajatolewa ndani, muuguzi Emérance alichungulia mlangoni akamwambia Radjabu atafute chupa. Iwe safi, iwe na mdomo mpana na kifuniko, na aje nayo haraka. Hospitali haikuwa na chupa. Ilikuwa na picha kubwa ya jengo jipya litakalojengwa, kwa sababu Gitega sasa ni mji mkuu, lakini chupa haikuwa nayo.

Radjabu alitoka mbio hadi getini. Pale aliketi Donatienne, mama wa Kikongomani aliyekimbia vita upande wa Uvira na sasa aliuza siagi ya karanga, uji na sabuni kwa watu wanaolinda wagonjwa wao. Aliposikia shida hakuuliza mengi. Alikomba siagi yote iliyobaki kwenye bokali lake la kioo, ile chupa nene ambayo zamani ilikuwa ya mayonezi, akaisugua kwa majivu na maji ya moto.

"Chukua, papa. Lakini utanirudishia. Bokali ya kioo haipatikane tena, batu banavunja tu."

Chupa iliingia ndani tupu ikatoka na kitu. Kilikuwa kinaelea kwenye dawa iliyochoma macho, kijivu, kimekunjamana, si kikubwa kuliko parachichi changa. Emérance alikiweka mikononi mwa Radjabu.

"Ni ya mgonjwa wako. Itunze."

Radjabu alifungua kinywa aulize, lakini hapo hapo machela ziliingia zikikimbizwa, lori lilikuwa limepinduka kwenye njia ya Karuzi, na Emérance akakimbia nazo. Kesho yake daktari alikwenda kwenye semina. Mwanafunzi aliyewapa ruhusa ya kurudi nyumbani aliuliza kama wamepewa kila kitu. Radjabu akasema ndiyo, maana dawa alikuwa nazo, na chupa alikuwa nayo.

Garini, chupa ikiwa mapajani, imefungwa kwenye kitambaa, alimwinamia mkewe na kumwambia kwa sauti ya mtu aliyeheshimiwa: "Umeona? Hawakuitupa. Hawa watu hata hivyo wanajua desturi zetu."

Kwa watu wake Radjabu, kipande cha mtu si takataka. Kidole cha seremala kikikatwa na msumeno, kinarudi ardhini. Jino likianguka, linarudi ardhini. Mtu atafufuka na mwili wake, na hakuna anayetaka kusimama siku ile akitafuta viungo vyake majalalani. Kwa hiyo Radjabu alifanya yaliyo sawa, na aliyafanya kwa uangalifu. Alimwita rafiki yake Uthmani, ambaye huosha maiti msikitini. Walimwaga ile dawa kali kando ya ua, wakakiosha kile kifuko kwa maji, na Radjabu akakata kipande cha bafta nyeupe, akakishona pindo kote, ingawa hapakuwa na haja ya pindo.

"Hii haina sala," Uthmani alisema. "Lakini iko na heshima yake."

Walikiviringisha humo wakakifukia miguuni pa kaburi la mama yake Zuena. Zuena alipoelezwa alicheka huku ameshika mshono. "Basi mi nimeanza kuzikwa kidogo kidogo," alisema. "Siku ya mwisho mtakuta kazi imeshaisha."

Radjabu alichagua mahali pale kwa sababu mama mkwe naye alikufa kwa manjano. Ilikuwa miaka ya sabini, Zuena akiwa msichana wa kutumwa kisimani. Walimpeleka mama yake kwa madaktari wa misheni, Wazungu, wakamfungua tumbo asubuhi na kumfunga asubuhi ile ile. Mmoja wao alitoka akatikisa kichwa, akasema maneno, mkalimani akayafupisha: mrudisheni nyumbani. Mama alirudi na mshono mrefu kutoka kifuani hadi kitovuni na manjano yake yote. Zuena ndiye aliyekuwa akimkuna. Tangu utotoni hofu yake kubwa haikuwa kifo. Ilikuwa ni kile alichokiita fungua-funga.

*

"Mliizika," Dokta Jean-Baptiste alirudia. Aliwatafsiria wanafunzi. Mmoja alijikuta anacheka, akaziba mdomo kwa daftari.

"Hakuna mtu alituambia, docteur."

"Uliuliza?"

Radjabu alimtafuta Emérance kwa macho. Alikuwepo, karibu na mlango, ameshika sinia la sindano, na alikuwa anaangalia sindano.

"Mtu anakupa nyama ndani ya dawa," daktari alisema, "we unafikiri ni cadeau, zawadi? Kila siku mi nasema, watu wanaua wagonjwa wao kwa ujinga, halafu wanasema ni hospitali." Alisema hivyo bila kupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu watu wa benchini walilazimika kusogea ili wasikie.

Zuena alisema, "Docteur, si yeye. Ni mi nilikubali."



Daktari alikaa kwenye ukingo wa dirisha, ghafla amechoka, akaanza kueleza. Alieleza vizuri, na Radjabu alielewa kila neno, ingawa angependa asielewe. Zamani, alisema, hii ilikuwa fungua-funga tu. Unafungua, unakuta imeshika ini, unafunga, unamuita padri au shehe. Lakini si hivyo tena. Siku hizi wakikitoa kifuko wanakipeleka kikaangaliwe, na wakikuta ugonjwa mbaya ungali mdogo, wanarudi ndani haraka. Wanakata kipande cha ini kilichokipakata kile kifuko, wanasafisha tezi za jirani, wanaondoa mfereji wa nyongo ikibidi na kuunga mwingine kwa utumbo. Kuna watu wanaishi miaka. Kuna mtu alimsoma kwenye kitabu, mwanamke, ameona wajukuu.

"Hapa mnaweza kufanya hivyo?" Radjabu aliuliza.

"Hapa? Muzee, hapa mi naunga utumbo na taa ya simu umeme ukikatika. Hapa hapana. Lakini kuna tume ya wagonjwa wanaotumwa inje ya nchi. Tume inataka karatasi ya anapath. Bila hiyo karatasi hawafungui hata faili."

"Si mumkate nyama ingine?"

"Damu yake haigandi tena, kwa sababu ya manjano. Sindano ya kuchomoa kidogo bila kufungua hatuna. Nikimfungua kifuani mpaka kitovuni nitafute kipande, anaweza kubaki mezani. Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa nzuri. Ile ilikuwa nje tayari, ilikuwa inangoja tu kusomwa." Alisimama. Simu yake ilikuwa inatetemeka mfukoni.

Radjabu naye alisimama. Hakujua anasema nini mpaka alipokisema.

"Na nikiileta?"

"Nini?"

"Ile nyama. Iko pale pale. Mi najua mahali."

Daktari alikuwa ameshaitoa simu na kuiangalia. "Ukiileta, tutaona," alisema, akaondoka nayo sikioni, na wanafunzi nyuma yake.

*

Radjabu hakuwa mjinga. Alikuwa amewazika wazazi, kaka na watoto wawili, na alijua ardhi ya Muyinga inafanya nini kuanzia Ramadhani hadi Maulidi. Alimwambia hivyo Zuena.

"We umesoma udaktari?" Zuena alimuuliza.

"Hapana."

"Basi. Yeye amesoma, na yeye amesema tutaona. Wangekuwa wanajua haifai, wangekwambia haifai. Nenda." Alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto. "Mi sitaki kufa na mshono wa bure kama mama."

Radjabu alimwacha chini ya uangalizi wa Donatienne, kwa sababu mgonjwa asiye na mlinzi hospitalini hali na haoshwi. Donatienne alikuwa amesikia habari yote. Hapo getini habari zilifika kabla ya wagonjwa.

"Papa, ile ni kansere," alisema taratibu. "Mi nilizania mulipeleka Buja. Ningejua, ningekuambia siku ile ile. Dada yangu naye ilikuwa hivyo, ya titi, tuliipeleka sisi wenyewe." Akafunika sufuria ya uji. "Nenda tu. Mama atakula kwangu."

Mafuta yalikuwa yamekosekana nchini. Vituoni magari yalilala foleni na madereva wao ndani, na nauli, pale gari lilipopatikana, ilipanda kila saa. Radjabu alipata lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu kupitia Karuzi, akaketi nyuma juu ya majani makavu pamoja na wanawake wenye kuku. Kila lilipopunguza mwendo kwenye mlima, vijana wa baiskeli walishika nyuma ya lori wakavutwa, na alipotazama nyuso zao zenye furaha alihisi chuki ambayo haikuwa haki yao. Hakujua aiweke kwa nani.

Uthmani alikataa.

"Kilichozikwa hakifukuliwi, Radjabu. We unajua."

"Ulisema haina sala. Kama haina sala, si kaburi."

"Nilisema pia iko na heshima yake."

"Heshima!" Radjabu alipiga kelele, na watu wa barazani wakageuka. "Heshima imeniulia mke! Wangenipa wakaniambia ni takataka, ningewauliza ya nini. Wamenipa kama amana, nikaiweka kama amana."

 Radjabu alipochukua jembe dogo la bustani na kuelekea makaburini, Uthmani alimfuata kwa mbali, na walipofika akasimama penye njia, amegeuza mgongo, ili mtu akipita amkute yeye kwanza. Hilo ndilo alilojua kumfanyia rafiki yake.

Ilikuwa saa ya adhuhuri na mvua ilikuwa imenyesha. Udongo ulikuwa laini. Radjabu alichimba kwa jembe, halafu kwa mikono, akiogopa kukata. Alikutana kwanza na pindo. Bafta ilikuwa imeoza ikawa nyuzi za kahawia, lakini pindo lilishikilia, maana alilishona mara mbili, mishono midogo midogo, na aliitambua kazi yake. Ndani ya pindo hapakuwa na nyama. Palikuwa na udongo, mweusi kidogo kuliko mwingine, na ndani ya udongo, vilipopita vidole vyake, mawe. Yalikuwa madogo, ya kahawia na manjano, yenye pande pande, laini kwa kuguswa. Mawe ya Zuena. Yale ambayo walidhani ndiyo ugonjwa.

Alifurahi, hata akacheka peke yake pale juu ya shimo, magoti yamelowa. Alikuwa amekikuta kitu, na kitu kile kilitoka kwake Zuena na si kwa mwingine, na mtu aliyesoma angeweza kukitazama akajua. Akakusanya yote: mawe, nyuzi, na udongo ule mweusi mpaka ulipobadilika rangi. Bokali la Donatienne alikuwa amekuja nalo kutoka nyumbani. Lilikuwa limeoshwa na kukaa dirishani kwake tangu Ramadhani, likingoja safari ya Gitega arudishe, na alipomkimbiza Zuena hospitalini alilisahau. Alilijaza akalifunga.

"Imepatikana?" Uthmani aliuliza bila kugeuka.

"Imepatikana."

Uthmani alishusha pumzi, akaja akamsaidia kufukia shimo. Halafu alitazama chupa, akamtazama Radjabu usoni, akalibeba jembe yeye.

*

Donatienne aliliona bokali lake kabla ya kumwona aliyelibeba. Alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akasogeza uso karibu na kioo. Mawe yaligonga ndani.

"Unanirudishia leo?" aliuliza.

"Bado, mama. Bado iko na kazi."

Alitikisa kichwa, akainama tena kwenye sufuria yake ya uji na kukoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. "Mama hakula leo," alisema. "Maji tu. Anakuuliza."

Zuena alikuwa amelala kwenye kitanda cha ukutani. Manjano yalikuwa yamezidi, yakielekea rangi ya majani, na sauti ilikuwa imebaki ndogo. Lakini aliposikia mawe aligeuza kichwa.

"Ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo."

"Lete niyaone." Radjabu aliishika chupa mbele ya macho yake. Zuena alitazama kwa muda. "Madogo namna hiyo," alisema. "Na mimi nilikuwa nalia usiku wote mnadhani najifungua. Nyama iko wapi?"

"Iko humo. Imechanganyika na udongo."

"Basi wapelekee, kabla haijaharibika."

Dokta Jean-Baptiste alikuwa kwenye mkutano. Wageni walikuwa wamekuja kutazama mahali pa jengo jipya. Radjabu alisimama kwenye dirisha la chumba cha upasuaji, chupa imekumbatiwa kifuani, na Emérance ndiye aliyelifungua.

"Muzee."

"Nimeileta. Docteur alisema nikiileta, ataona."

Emérance aliishika chupa kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye mwanga. Udongo ulishuka upande mmoja. Uzi mmoja wa bafta ulijibandika kwenye kioo. Radjabu alimwona akikitambua kitu kile, na kumtambua yeye, na kuikumbuka siku ile ya machela.

"Muzee, hii..." alianza.

"Ni ile mlinipa. Ulisema niitunze."

Emérance aliangalia juu ya bega la Radjabu. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, na kutoka pale ulisikika mkwaruzo wa gunzi, unasita, unaanza tena.  Alikuwa mama wa watu, mwenye umri wa binti yao Salama aliyeolewa Buhinyuza, na mikono yake ilikuwa imebabuka kwa dawa za kuoshea vyombo.

"Jina la mgonjwa?" aliuliza.

"Zuena."

Alitoa kipande cha plasta, akaandika jina kwa kalamu, akakibandika kwenye chupa. Akakisawazisha kwa kidole gumba, mara mbili, kana kwamba kingeanguka. Kisha akageuka na kufungua kabati la bati nyuma yake ili aiweke.

Radjabu aliona ndani. Kabati lilikuwa limejaa chupa. Za mayonezi, za dawa, makopo ya plastiki ya kuwekea chumvi, na bokali moja la maziwa ya unga. Kila moja na plasta yake, kila plasta na jina lake, na majina mengine yalikuwa yamefifia. Dawa ilikuwa imekauka kwenye nyingi, na vilivyokuwa vikielea vilikuwa vimelala chini, vimeshikana na kioo. Vumbi lilikuwa juu ya vifuniko vyote.

"Hizi zote ni nini?" aliuliza.

"Ni za wagonjwa." Emérance hakugeuka. "Wale waliziacha hapa, tuzipeleke sisi."

"Na hazijaenda?"

"Ambulansi haina mafuta, muzee. Na ile wiki ilikuwa nayo, ilibeba mabati ya jengo jipya." Alisogeza chupa mbili ili kupata nafasi. "Zitaenda."

"Wenye hizi wako wapi?"

Emérance aliweka bokali mwishoni mwa safu, akaligeuza ili jina la Zuena litazame mbele, akafunga kabati. Bati lilijipinda, akalisukuma kwa goti mpaka likakaa.

"Kaa na mke wako," alisema. "Docteur akija, nitamwambia."

Radjabu alibaki pale dirishani. Alitaka kupiga kelele, kama alivyompigia Uthmani. Alitaka kuwaita wale wanafunzi na madaftari yao waje waandike na hili. Lakini kule ndani palikuwa na mtu mmoja tu, amechoka, na dirisha lilikuwa limeshafungwa. Koridoni watu walimtazama kisha wakatazama pengine. Mmoja alikuwa na chupa mapajani, mpya, dawa yake bado inang'aa. Radjabu alimtazama yule mtu, na yule mtu akaifunika chupa yake kwa koti.

Alirudi wodini. Zuena alikuwa amelifikia bega la kushoto na gunzi limemshinda.

"Wamesema nini?"

Radjabu alikaa ukingoni mwa kitanda. Akamtengeneza mtandio.

"Wameipokea."

"Wameipokea?"

"Yee. Wameandika na jina lako."

Zuena alifumba macho. Uso wake, uliokuwa umekazana tangu mvua zianze, ulilegea, na kwa mara ya kwanza Radjabu aliuona tena ule wa msichana aliyemposa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi haitakuwa fungua-funga." Akageuka polepole, akampa mgongo. "Hapa chini. Sifikii."

Radjabu alichukua gunzi akaanza kukuna, taratibu, halafu akakaza, kwa sababu alikuwa amemwambia hatavunjika.